Kokoto za Lugoba, kokoto za Kunduchi, moramu au mawe meupe: ipi, na tripu ngapi?

Fundi alisimama getini, mikono kiunoni, akaitazama njia ya gari kutoka hapo hadi barazani, kisha akatoa hukumu: "Dada, tripu moja inatosha. Ikipungua uniite." Ilikuwa Februari. Tripu ikaja, ikamwagwa, ikatandazwa, na kila aliyeingia akasifu. Masika yakaanza. Kufikia Mei magurudumu yalikuwa yamechora mifereji miwili ya tope, na kokoto nilizozilipia zilikuwa huko chini, nyingine sijaziona hadi leo. Fundi nilimwita kama alivyoniagiza. Simu haikupokelewa.

Mwaka uliofuata nilirudia kazi ile ile, safari hii nikiwa na tepu, kamba na daftari la mtoto la hesabu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la "tripu ngapi" halina jibu mpaka ujibu kwanza "tripu za nini". Moramu, ule udongo mwekundu wenye vijiwe, hushuka ukiishindilia, kokoto hazishuki sana. Kokoto za matumbawe, ndizo za Kunduchi, ni nyepesi kuliko za mwamba wa bara, ndizo za Lugoba. Mawe meupe huuzwa kwa mfuko, na mfuko huo hufunika eneo dogo kiasi cha kukatisha tamaa. Kwa hiyo hapa nalinganisha vitu vinne ambavyo mtu wa Dar es Salaam au Pwani hukutana navyo akitaka kufunika njia na uwanja wa nyumba, na vyote navipigia hesabu kwenye uwanja mmoja: wangu, Goba, udongo wa mfinyanzi, wenye mteremko kidogo kuelekea barabarani.

Eneo kwanza

Hatua za miguu ziache. Niliwahi kupima njia yangu ya gari kwa hatua nikapata 16. Tepu ikasema mita 14. Kwa upana wa mita 3.5, tofauti hiyo ni mita 7 za mraba, na ukimwaga kokoto kwa unene wa sentimita 10, umeagiza toroli 12 za bure.

Uwanja wangu una sehemu tatu. Njia ya gari ni mita 14 kwa 3.5, yaani mita 49 za mraba. Njia ya miguu inayozunguka nyumba ina urefu wa mita 30 na upana wa mita 1.2, yaani mita 36 za mraba. Kisha kuna duara chini ya mwembe, kipenyo mita 4: unachukua nusu ya kipenyo, unaizidisha kwa yenyewe, halafu kwa 3.14, unapata mita 12.6 za mraba. Kama sehemu yako haina umbo la kueleweka, vuta kamba katikati kwa urefu wake, pima upana kila baada ya mita moja, tafuta wastani wa hizo namba, uzidishe kwa urefu. Hesabu hiyo inatosha kabisa kwa kazi ya mawe.

Mafundi wengi bado hupima kwa futi, na si vibaya, ili mradi usichanganye. Futi za mraba zigawe kwa 10.76 upate mita za mraba, kisha futi ziweke kando.

Pesa hasa hupotelea kwenye unene. Ardhi haiko tambarare kama tunavyoiona tukiwa tumesimama. Funga kamba kwenye vigingi viwili, iwe sawa, halafu pima kutoka kwenye kamba kwenda chini kila baada ya mita moja. Kwangu katikati ya njia kulikuwa na bonde la sentimita 4 ambalo sikuwahi kuliona kwa macho. Kwenye mita 49 za mraba, kosa la sentimita 2 tu kwa wastani ni karibu mita moja nzima ya ujazo.

Baada ya hapo ni kuzidisha: eneo mara unene, unene ukiwa kwa mita. Sentimita 5 ni 0.05, si 0.5, na kosa hilo nimelikuta kwenye karatasi ya mtu mzima mwenye digrii. Asiyependa nukta atumie ndoo ya lita 20. Mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita 5 inakula ndoo mbili na nusu. Kwa sentimita 10, ndoo tano. Ukiwa na wasiwasi, chora mita moja ya mraba kwa vigingi na kamba, mwaga ndoo zako, tandaza, angalia kama inakupendeza. Hakuna hesabu inayoshinda kuona kwa macho yako.

Kwa haraka, zikiwa kando kwa kando

| | Lugoba | Kunduchi | Moramu | Mawe meupe |
|---|---|---|---|---|
| Mahali pake | Gari na miguu | Miguu | Tabaka la chini | Mapambo |
| Unene | sm 5 juu ya moramu, sm 10 peke yake | sm 5 | sm 10 ikishashindiliwa | sm 3 hadi 4 |
| Uzito wa mita 1 ya ujazo | kama tani 1.5 | kama tani 1.3 | kama tani 1.6 kabla ya kushindiliwa | kama tani 1.6 |
| Nyongeza ya kuagiza | asilimia 10 | asilimia 10 | asilimia 30 | kidogo sana |

Uzito huo ni wa kukadiria. Kuupata wa kwako ni rahisi: jaza ndoo ya lita 20 bila kuishindilia, ipeleke kwenye mizani ya muuza nafaka, toa uzito wa ndoo, gawa kilo kwa 20. Ndoo ya kilo 30 inamaanisha tani 1.5 kwa mita ya ujazo. Muuza nafaka atacheka, lakini atakupimia.

Lugoba na Kunduchi: jina moja, mawe mawili

Ukisema "kokoto" kwa muuzaji wa Tegeta na ukasema "kokoto" kwa muuzaji wa Kibamba, huenda mkawa hamzungumzii jiwe moja.

Za Lugoba zinatoka Chalinze, zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini. Ni mwamba mgumu wa kale, unaopasuliwa kwa baruti na kusagwa kwa mashine. Rangi yake ni kijivu inayoelekea weusi, kingo zake kali, na saizi zake hutoka kwenye chekeche: nusu inchi, robo tatu, na kuendelea. Ukali huo wa kingo ndio unaoulipia. Gari likipita, jiwe linang'ang'ania jiwe lenzake, tabaka linatulia. Mawe ya mviringo ya mtoni, hata yawe mazuri namna gani, huteleza chini ya tairi kama gololi, na kwenye mteremko huhama polepole hadi kwa jirani.

Za Kunduchi ni jiwe la matumbawe ya kale, lile lile ambalo pwani yetu imelijengea tangu enzi za mababu. Ukienda kwenye magofu ya Kunduchi, au ukavuka hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaliona kwenye kuta. Jiwe lenyewe lina vitundu, ni jepesi, jeupe linaloelekea umanjano. Sehemu kubwa imevunjwa kwa nyundo na watu waliokaa chini juani, kwa hiyo saizi zinachanganyika: vipande vya inchi mbili, vidogo vya ukucha, na unga wake.

Unga huo una faida na hasara. Ukimwagia maji na kushindilia, chokaa hujifunga na njia huwa ngumu kama sakafu ya zamani, haitawanyiki kila ukipiga reki. Lakini gari likipita kila siku jiwe linasagika, na kiangazi kikifika vumbi jeupe linahamia kwenye vigae vya sebuleni. Na kama una maua ya iksora pembeni ya njia, usishangae majani yakigeuka njano. Chokaa huondoa asidi kwenye udongo, na iksora hupenda asidi hiyo.

Sasa kiasi. Njia yangu ya miguu, mita 36 za mraba kwa sentimita 5, ni mita 1.8 za ujazo. Weka asilimia 10 kwa ajili ya mabonde na zile zinazozama, ziwe 2. Ujazo ni huo huo kwa mawe yote mawili. Kinachobadilika ni uzito: mita 2 za Lugoba ni tani 3, za Kunduchi ni tani 2.6. Ukinunua kwa lori au ndoo, tofauti hiyo haikuhusu. Ukinunua kwa tani, inakuhusu sana: tani 7 za Lugoba ni kama mita 4.7 za ujazo na zitafunika mita 93 za mraba kwa sentimita 5, wakati tani 7 za Kunduchi zitafunika zaidi ya mita 105. Jiwe jepesi linaloonekana bei sawa kwa tani kumbe ni rahisi zaidi kwa eneo. Hiyo ndiyo sababu bei ya tani haina maana mpaka uigeuze kuwa bei ya mita ya mraba iliyokwisha kutandazwa.

Moramu, ambayo hakuna anayeisifia

Wageni hawasifii moramu kwa sababu hawaioni. Ingekuwepo mwaka ule wa kwanza, kokoto zangu zisingezama.

Kwenye mfinyanzi gari linahitaji kitu kigumu chini. Sentimita 10 za moramu iliyoshindiliwa, halafu sentimita 5 za kokoto juu yake, zinafanya kazi ambayo sentimita 10 za kokoto peke yake haziwezi kuifanya. Wa Kigamboni mwenye mchanga naye anaihitaji, kwa sababu tofauti: mchanga hautengenezi tope, ila unahama chini ya tairi.

Hesabu ya moramu ndiyo inayowachanganya watu. Mita 49 za mraba kwa sentimita 10 ni mita 4.9 za ujazo, lakini hizo ni za moramu iliyokwisha kukandamizwa. Inapokuja kwenye lori imejaa hewa. Zidisha kwa 1.3: unaagiza mita 6.4. Wengi huagiza 4.9, wakaita kijana wa mashine ya kushindilia, kisha wakamlaumu dereva kwamba kaiba.

Linganisha sasa namna mbili za kutengeneza njia yangu ya gari. Bila moramu, kokoto za sentimita 10 ni mita 4.9, na nyongeza zinakuwa 5.4. Pamoja na moramu, kokoto za sentimita 5 ni 2.45, na nyongeza 2.7, halafu moramu 6.4. Umenunua vitu vingi zaidi kwa jumla, lakini nusu ya kile cha bei kubwa imeondoka, na moramu kwa kawaida hutoka karibu.

Kuna gharama ya tatu ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya fundi yeyote. Tabaka la sentimita 15 linainua njia, na geti linalofungukia ndani litakwama. Kwa hiyo unachimba kwanza. Kuchimba sentimita 10 kwenye mita 49 za mraba kunatoa mita 4.9 za udongo, nao ukichimbuliwa unavimba kwa kama robo hivi, unakuwa mita 6. Huo ni mzigo wa kutoa nje. Ukiwa na shimo la kufukia mahali pengine, bahati yako. Mimi niliinua bustani ya mchicha.

Kabla hujalipia moramu, chota konzi moja, ilowanishe, ibinye. Nzuri inashikamana huku unasikia vijiwe vinakukwaruza kiganjani. Ikiwa ni unga mwekundu mtupu unaoteleza, hicho ni kifusi kilichovaa jina la moramu, na mvua ya kwanza itakugeuzia njia kuwa uji.

Kati ya udongo na tabaka lako, weka kitu cha kutenganisha. Kuna kitambaa maalumu kinachouzwa kwa kazi hiyo. Nami nimeona watu wakifumua viroba vya mbolea na kuvitandaza vikipandana kwa sentimita 20, na vimefanya kazi kwenye njia za miguu. Nailoni nyeusi usiweke: haipitishi maji, na baada ya mvua njia inakuwa bwawa dogo lenye mawe ndani.

Mawe meupe

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu uamuzi wenyewe ni mfupi. Yanapendeza, ila ni ya mahali padogo.

Duara la mwembe, mita 12.6 za mraba kwa sentimita 4, ni nusu mita ya ujazo. Kwa uzito ni kilo 800. Kwa mifuko ya kilo 25, ni mifuko 32. Nilipomwambia mume wangu "mifuko 32 kwa ajili ya mwembe" aliniangalia kama niliyetaka kuuvalisha suti.

Geuza bei iwe ya mita ya mraba uone. Namba hizi ni za mfano tu, weka za mtaani kwako. Tripu ya mita 4.2 za ujazo kwa shilingi 400,000 ni kama 4,800 kwa kila mita ya mraba yenye unene wa sentimita 5. Mfuko wa kilo 25 kwa shilingi 12,000 unaonekana rahisi, lakini mita moja ya mraba kwa sentimita 4 inakula mifuko miwili na nusu na ushee: zaidi ya 30,000. Mara sita.

Halafu ni chini ya mwembe. Majani yanaanguka, maembe yanapasuka, kivuli na unyevu vinaleta ukijani, na mwaka mmoja baadaye mawe meupe ni mawe ya rangi isiyo na jina. Niliishia kuweka mkanda wa sentimita 40 pembezoni mwa duara, basi, na ndani nikaacha majani yaoze kwa raha zao. Mkanda huo ni mita 4.5 za mraba, mifuko 12.

Mawe ya mviringo ya mtoni ambayo wengine huyatandaza badala yake, uliza yalikochotwa. Ukipita kandokando ya Mto Mpiji ukaona kingo zilivyoliwa na wachimba mchanga, hamu ya kuyapeleka nyumbani inapungua.

Tani, tripu, debe, toroli: upime kwa lipi?

Ukishajua unataka mita ngapi za ujazo, muuzaji atakujibu kwa kipimo kingine. Hapo ndipo watu wanapoliwa.

"Tani saba" mtaani si uzito, ni jina la lori. Halijapanda mizani, limejazwa kwa mashine ya kupakia au kwa mabeleshi mpaka macho yakaridhika. Lori kubwa linalotoka Lugoba kuingia mjini hupita mizani ya Vigwaza, kwa hiyo dereva wake anajua amebeba nini, na machimbo makubwa hutoa tiketi ya uzito. Iombe tiketi hiyo. Lakini lori dogo linalotoka kwenye lundo la kituo cha mtaani kwenu halina tiketi, na kwake kipimo cha haki ni bodi: urefu wa ndani, upana wa ndani, kimo cha ndani. Wakala wa Vipimo huhakiki mabodi ya magari ya mchanga na kokoto kwa mita za ujazo, kwa hiyo kumuuliza dereva kama bodi lake limehakikiwa si matusi.

Lori lililoniletea lilikuwa na bodi la mita 3.5 kwa 2 kwa 0.6. Hizo ni mita 4.2 za ujazo likijaa hadi ukingoni. Zidisha kwa 1.5 upate tani 6.3: si saba, ila si wizi. Kichuguu kinachozidi ukingo usikihesabu, maana kinashuka njiani.

Debe lina mtego wake. Debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa la galoni nne, lita 18 hivi, na ndoo za leo za plastiki huitwa za 20 hata zisipofika. Ipime kwa chupa za maji za lita moja kabla hujaagiza hamsini. Kwa lita 20, mita ya ujazo ni ndoo 50. Kwa lita 18, ni karibu 56.

Toroli silitumii kununulia, nalitumia kukagua. Kabla kazi haijaanza nilijaza toroli langu kwa ndoo, likala tatu, usawa wa ukingo. Lita 60. Kwa hiyo mita 4.2 za ujazo zinapaswa kutoka toroli 70. Vijana wakabeba, mimi nikakaa kibarazani na chaki nikipiga mistari ukutani. Wakamaliza. Mistari 58.

"Dada, zimejishindilia njiani," dereva akasema, tena kwa upole wa mtu aliyewahi kulisema hilo mara nyingi.

Ni kweli kokoto hutulia njiani kwa mtikisiko, bodi lililojaa Kibamba likafika Goba limeshuka vidole viwili vitatu. Lakini hoja hiyo haina miguu mahali pangu: ukichota kwa beleshi na kumwaga kwenye toroli, zimelegea tena. Zilizopakiwa 70 zinapaswa kushuka karibu na 70. Tofauti ya 12 ni mita 0.7 za ujazo, zinazoweza kufunika mita 14 za mraba. Kosa lilikuwa langu pia, maana lori lilipofika nilitazama urefu na upana, sikupanda kuangalia kama limejaa hadi ukingoni. Nilimlipa kwa hesabu ya toroli. Alinung'unika, akachukua.

Kwa mchanga, jihadhari na kitu kingine kabisa: ukiwa na unyevunyevu kidogo unavimba, hata kwa robo ya ujazo wake, kwa hiyo lori la mchanga mbichi lina mchanga mchache kuliko linavyoonyesha. Kokoto hazina tabia hiyo.

Na kirikuu, ile pikapu ndogo? Inafaa kwa kumalizia, si kwa kuanzia. Kokoto ni nzito kuliko macho yanavyodhani, na bodi likiwa bado nusu tupu springi tayari zimelala.

Nilichochagua

Hesabu kamili inakupa namba kama 2.7 na 2, ila lori haliji likiwa 2.7. Linakuja zima. Kwa hiyo uamuzi wa mwisho wa aina ya mawe hautokani na uzuri peke yake, unatokana na mabaki. Nilihitaji mita 2.7 za Lugoba kwa ajili ya gari, na mita 2 za aina yoyote kwa ajili ya miguu. Tripu moja ya 4.2 ingelisha njia ya gari na kubakiza mita 1.5 kwa njia ya miguu. Ya pili ingekuwa ya kupigia picha tu. Kwa upungufu ule wa dereva nikabaki na 0.8, zilizofunika mita 12 za njia ya miguu kuanzia mbele ya nyumba, sehemu inayoonekana. Mita 18 za nyuma, kuelekea jikoni na kamba ya nguo, nilimalizia kwa ndoo 60 za Kunduchi, nikazimwagia maji na kuzishindilia kwa gogo. Sehemu hiyo ndiyo imara kuliko zote, na sikuitegemea.

Kama ningekuwa naishi Tegeta au Bunju, jiwe la Kunduchi likiwa jirani, njia yote ya miguu ningeimalizia nalo bila kufikiri mara mbili. Kama ningekuwa na gari moja dogo linaloingia mara mbili kwa wiki, huenda hata maegesho. Kwa gari la kila siku, kwa lori la maji linaloingia kiangazi, ni Lugoba ya robo tatu juu ya moramu, na sioni cha kujadili. Nusu inchi ni laini kwa nyayo, ila hunasa kwenye makashata ya tairi na utaikuta barabarani. Weka kingo za matofali au mawe pande zote mbili kabla ya kumwaga. Bila kingo, tabaka la sentimita 5 linatanuka pembeni na baada ya miezi unabaki na sentimita 3 katikati na majani yaliyojaa vijiwe.

Siku ya lori kufika, mwonyeshe dereva karo la maji taka lilipo kabla hajaingiza tairi la nyuma, maana mfuniko wake haukujengwa kwa ajili ya tani sita. Na tandika turubai mahali pa kumwaga. Lundo linalomwagwa juu ya udongo mtupu huacha tabaka la chini palepale, na vijana hawatalichota, watakwambia zimeisha. Kwangu, juu ya turubai, mwishoni zilibaki toroli moja na nusu. Ziko chini ya simtanki, kwa ajili ya masika yajayo.